Dalali Aliyechimba Kaburi la Baba

Kwetu mtu aliyeshika jembe siku mnamzika baba yenu haulizwi kitambulisho. Huulizi wewe, haulizwi yeye. Akija saa ya chakula anakula, akija kuposa anasikilizwa, na akisema jambo fulani liko hivi, basi liko hivi. Sijui nani aliiweka sheria hiyo na sikumbuki kuambiwa na mtu. Nimekua nayo tu, kama nilivyokua najua kwamba mkubwa anaamkiwa kwanza.

Huyu ninayemsema alichimba kaburi la baba yangu. Alikuwa jirani yetu kijijini, ng'ambo ya Isaka, kijana mkubwa kunizidi miaka michache. Siku ile ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, wenzake wakawa wanapokezana na kupumzika, yeye akabaki shimoni mpaka lilipokwisha. Alipotoka viganja vilikuwa vimechubuka. Mama alimshika mikono ile akasema, "Wabeja, ng'wanawane," asante mwanangu, na tangu siku hiyo hakumwita jina jingine.

Baadaye akahamia Shinyanga mjini akawa dalali wa viwanja na nyumba. Mimi nikaenda Bulyanhulu kupika. Ni mama lishe, nawapikia wachimbaji wadogo na vijana wa bodaboda, na ugali wangu hawausahau, wakikataa waulizwe matumbo yao. Mdomo ninao, sikatai. Lakini ukubwa wa mdomo na ujasiri ni vitu viwili, na hilo nililijua kwa kuchelewa.

Mama alibaki kijijini peke yake. Alikuwa anapikia mabua na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, maana kuni kwetu zilishakwisha, na ule moshi ukamla macho yakawa mekundu. Kwa watu wa kwetu sihitaji kuendelea. Kwa wengine niseme tu kwamba bibi mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, mtoto wa jirani akiumwa, ng'ombe wa jirani akifa, watu huanza kunong'ona. Hakuna anayekuja kumuuliza. Hakuna anayemwambia usoni, "Bibi, tunakushuku uchawi." Wananong'ona kisimani, wananong'ona mnadani, na siku wanaponyamaza ndiyo siku ya kuogopa. Mama alinipigia simu akasema siku hizi akipita watu wanaacha kuzungumza. Nilikuwa nasonga ugali, nikauepua kabla haujaiva.

Nikampigia yule kaka dalali. Nikamwambia mama hawezi kulala pale msimu mwingine, nitafutie mahali mjini, hata kibanda, nilicho nacho ni akiba ya sufuria zangu na hakuna kingine nyuma yake. Hakuniuliza mengi. Haikupita muda akapata nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma kule Ibadakuli, si mbali na zinapotua ndege, ina kiwanja cha kutosha bustani na mabanda ya kuku. Mwenye nyumba anahama, anataka kuuza haraka. Kaka akasema, "Mdogo wangu, hii ni ya mama. Usichelewe."

Hilo neno "usichelewe" ndilo lililonikaa kooni.

Maana wiki hiyohiyo mteja wangu mmoja, mchimbaji, mtu mzima, alikaa kwenye benchi langu akashindwa kula. Alikuwa amenunua kiwanja kwa dalali mmoja, wakakaa, wakacheka, wakanywa soda. Alipopeleka mchanga ajenge, akakuta mwenzake anamwaga msingi, naye ana karatasi yake, na dalali simu haipatikani. "Nilimwamini kwa sababu alinisalimia Kisukuma," akasema. Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria lile "usichelewe."

Sasa hapa nisikilizwe vizuri, maana sitaki mtu aseme najutia kuchunguza. Kuchunguza ni haki. Dalali unamuuliza ofisi yake iko wapi, leseni anayo, serikali ya mtaa inamjua, mwenye mali ni nani na hati iko wapi, na majirani wa kiwanja wanasemaje juu ya mipaka. Fedha ni yako, na jasho ni lako. Kuuliza si ujinga. Tatizo langu mimi ni nani niliyemuuliza.

Ningeweza kumpigia simu nikasema, "Kaka, samahani, naomba nione karatasi zako." Simu niliishika. Nikaiona ile mikono iliyochubuka. Nikajiuliza nitaanzia wapi kumwomba kitambulisho mtu aliyemlaza baba yangu ardhini. Aibu ikanikamata. Nikaiita heshima, lakini ilikuwa woga, na leo nauita kwa jina lake.

Basi nikapanda gari nikaenda Shinyanga bila kumwambia. Nikaenda kijiweni kwa madalali wengine, pale wanapokaa na vibao vyao vya viwanja, mashamba na vyumba vya kupanga. Nikanunua chai. Nikajifanya mpita njia. Halafu nikauliza, sauti chini, "Eti jamani, fulani mnamfahamu? Hana matatizo?"

Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Kwani kafanya nini?"

"Aa, hakuna. Nauliza tu."

Nauliza tu! Mtu anatoka Bulyanhulu mpaka Shinyanga kuuliza tu? Hata mtoto asingeamini. Nikatoka hapo nikaenda kwa muuza duka wa mtaa wake, nikauliza vilevile. Nikaenda kwa mama mmoja anayesali naye kanisa moja, nikauliza vilevile, na yeye akanishika bega akasema kwa huruma, "Pole mwanangu, amekutapeli kiasi gani?" Nikasema hajanitapeli. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayenitunzia siri. Nami sikukaa kumweleza, nilikuwa nawahi gari la kurudi.

Hakuna aliyemsema vibaya, huo ndio ukweli. Wote walisema hawajasikia baya. Nilirudi nimetulia moyo, nikajiona mwanamke mwerevu.

Siku ya kuandikishiana nilipofika ofisi ya mtaa alikuwa ameshafika. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka," akaitikia "Marahaba" bila kunitazama. Alikuwa na bahasha ya plastiki. Kabla sijakaa akaanza kutoa vitu mbele ya mwenyekiti, kimoja kimoja, akavipanga mezani: kitambulisho chake cha taifa, leseni ya biashara, barua ya mtaa inayomtambulisha, nakala ya hati ya nyumba. Majirani wa pande zote alishawaita, walikuwa wamekaa kwenye benchi nje. Ofisi ya ardhi ya manispaa alishaniandalia miadi nikahakikishe mwenyewe kwamba hati haina deni wala mgogoro. Nilikwenda, na haikuwa na kitu.

Kila kitu kilikuwa safi, jamani. Alikuwa amekiandaa tangu mwanzo, kwa ajili yangu, ili nisihangaike. Lile "usichelewe" lake lilikuwa kwa ajili ya mama.

Tulipotoka akasimama karibu na pikipiki yake akasema, "Ungeniuliza, mdogo wangu."

Akavaa kofia yake akaondoka. Mimi mwenye mdomo nilibaki nimesimama na mkataba mkononi.

Mama akahamia Ibadakuli. Kaka ndiye aliyekodi gari dogo kwenda kumchukua, yeye na kuku wake na kinu chake. Sikumwomba. Hospitali wakampa mama dawa ya macho wakamwambia aache moshi, nikamnunulia jiko la mkaa na mtungi mdogo wa gesi, akawa anaogopa gesi mpaka tukacheka. Majirani wakamwita bibi. Watoto wakawa wanaingia kwake kuomba karanga, na mara ya kwanza mtoto wa mtu aliposinzia mapajani mwake, mama alinipigia simu kunieleza. Hicho tu ndicho alichopiga kueleza.

Lakini kaka akaanza kuja kwa nadra, halafu akaacha. Kila nikienda kumwona mama, ananiuliza, "Ng'wanawane yuko wapi?" Nasema ana kazi. Ukweli ni kwamba hakuwa na kazi. Nilikuwa nimesikia. Wenye nyumba walikuwa wanamnyang'anya funguo. Mteja akipelekwa na yeye kuona kiwanja, mtu humvuta pembeni: huyo angalia, kuna dada alitoka migodini akilia, huyu alikula fedha yake. Mimi sikulia. Nilikunywa chai. Lakini neno likitoka halirudi lilivyotoka, linarudi limenenepa.

Siku moja mama akaniuliza tena, nikaona siwezi kuendelea kudanganya. Nikamwambia yote. Alikuwa anachambua mboga za mlenda. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Mimi nimehamishwa kwetu kwa minong'ono. Na wewe ukaenda kumnong'onea mtoto wangu."

Nikasema, "Mayu, nilikuwa naogopa."

"Hata wale walikuwa wanaogopa," akasema.

Jioni hiyo nilishindwa kula, na mimi si mtu wa kukataa chakula.

Nikajaribu kurekebisha. Nikarudi kijiweni palepale, mara hii sauti juu. Nikasema kaka yule ni mwaminifu, nimenunua kwake, mama yangu analala ndani ya nyumba aliyonitafutia. Mmoja wao akatabasamu akasema, "Sasa dada, kama ni mwaminifu, mbona unamtetea?" Mwingine akamalizia, "Lisemwalo lipo." Wakacheka, wakaendelea na mambo yao. Nikaenda kwa yule mama wa kanisani. Akanisikiliza, kisha akaniuliza kama kaka amenitisha ndiyo maana nimekuja kumsafisha. Nilitaka kupiga kelele. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa naongeza mengine.

Baadaye nikasikia yuko Isaka, anapakia na kushusha mizigo ya malori. Nikaenda. Nikamkuta amekaa kwenye marobota kivulini, anakunywa maji, ameshaanza kuota mvi. Nikapiga magoti mbele ya watu, mavumbini humohumo, nikasema naomba unisamehe kaka, nimekuharibia. Akaniinua haraka maana wenzake walikuwa wanatazama.

"Yameisha," akasema. "Mama macho yanaendeleaje?"

"Anaona vizuri."

"Basi." Akarudi kwenye mzigo.

Sisi tunaojua Kiswahili tunajua "yameisha" za aina mbili. Ile ilikuwa ya kunifukuza kwa upole.

Mama akafariki msimu wa mvua, nyumbani kwake, kitandani kwake, kwa homa ya mapafu. Alikufa akiwa bibi wa mtaa mzima. Kule kijijini hatukumrudisha. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasema asipelekwe, azikwe mahali watoto wanapoingia kwake bila kukatazwa. Asubuhi ya mazishi vijana wa mtaa walikuwa wanakusanyika waende makaburini kuchimba, na sisi wanawake tulikuwa kwenye mkeka uani tunachambua mchele. Nikainua kichwa nikamwona kaka amesimama nje ya uzio. Alikuwa na jembe lake mwenyewe begani, amelibeba kutoka Isaka.

Mchimbaji wa kaburi hangoji kukaribishwa. Anakuja, anaungana na wenzake, wanaondoka. Yeye alisimama palepale mpaka nilipoinuka nikamfuata.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Nimekuja kuuliza kama naruhusiwa."

Nilidhani sijasikia. Akasema tena, polepole, bila hasira hata kidogo. "Kuchimba. Kama naruhusiwa. Kuna watu hapa hawanitaki, nisije nikaharibu msiba wa mama."

Kichwani nilikuwa na maneno mengi. Yaliyotoka ni "Nenda kaka, nenda," kisha kilio kikanishika. Akaniacha nilie kidogo, akagusa kichwa changu, akawafuata vijana. Baadhi yao walijitenga naye njiani. Niliona.

Nikarudi mkekani nikachukua ungo wangu. Jirani aliyekaa karibu nami, mama mwema, aliyemuuguza mama yangu mpaka dakika ya mwisho, akaniinamia sikioni.

"Yule unamfahamu?" akanong'ona. "Nasikia alikuwa dalali, ana mambo yake. Hizi ni siku za watu wengi, vitu viko wazi. Mngemchunguza kwanza."

"Nilimchunguza," nikamwambia. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemchunguza. Hana doa."

Akasema haya, akaendelea kuchambua mchele. Usoni nikaona hajaniamini.