Katekista Mlangoni

Kila Jumamosi inayotangulia Meza ya Bwana, katekista wa Hombolo hupita mlango kwa mlango na koti lake la mitumba, vidole vimekolea maji ya zabibu. Hushika mwimo wa mlango, huuliza polepole, mtu asiende mezani na kinyongo: "Una neno na mtu?" Paulina, mjane wa mkaguzi wa shule, hujibu, "Sina," asije akajua kwamba marehemu mumewe aliacha mtoto wa nje kule Zuzu. Leo haulizi. "Leo mwenye neno ni mimi, mama. Marehemu aliniungamia habari za mtoto wa Zuzu, nami zikanitoka kisimani mbele ya watu. Nisamehe kabla ya kesho." Paulina anatupa jicho uani kwa jirani, kisha anaufungua mlango wote. "Ingia, katekista," anasema. "Miaka mitatu nimekudanganya hapa hapa mlangoni."