Mapishi ya Kitandani

Daktari wa kliniki yetu hapa Mowlem hajui kuchemsha hata chai, lakini humwuliza kila mgonjwa mapishi. Huipasha jeli moto viganjani, huweka mashine ya picha juu ya uvimbe, na macho yakiwa kwenye skrini husema, "Hebu nifunze." Ukifika kwenye vitunguu, ganzi imeshashika na sindano imeshaingia kuchukua nyama ya kupimwa.

Jana ilikuwa zamu ya Mama Nakhumicha, mwenye uvimbe pajani, na mboga yake ya mrenda.

"Tumemaliza, Mama. Vipande vitatu."

"Umemaliza wewe! Mimi bado sijafika kwa munyu wa majivu."

Alikuwa bado ameung'ang'ania mkono wangu mimi nesi, jasho likimtoka. Foleni ilifika langoni. Daktari akavua glavu, akavuta kiti, akaniomba kalamu. "Haya Mama, munyu unaingia lini?"