Bwana Harusi Avua Suti

Mama mdogo hakuwahi kuingia uani kwake bila kupiga hodi. Nyumba ilikuwa yake, ua wake, na huko nyuma hapakuwa na mtu ila bata. Hata hivyo alisimama mlangoni na beseni la pumba kiunoni, akabisha, akangoja. Majike walijibu kwa kelele za kupasua masikio. Dume alijibu kwa sauti ya chini iliyokwaruza, kama mtu mwenye mafua anayeomba maji. Ndipo akaingia.

Alikuwa dobi wa hospitali. Kutwa alipiga pasi mashuka, na mikono yake ilinuka sabuni hata siku za mapumziko. Mumewe alikufa mapema, mtoto hakujaliwa, na sisi watoto wa dada yake tulimtembelea kwa zamu tukidhani tunampunguzia upweke. Kumbe upweke ulikuwa umeshapata mganga wake. Nyumba ya pili alikaa fundi saa, mgane, naye akifuga bata majike wawili watatu. Jioni walikunywa chai penye pengo la ua uliowatenganisha, kila mmoja kwenye kiti chake, upande wake. Siku moja fundi alisema pengo lile lingefaa kuwa mlango. Mama mdogo alielewa anaposwa, akajibu kwamba atafikiri.

Ndio mwaka aliopata dume wake wa kwanza, mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa, ukanda mweupe shingoni kama kola, na vinyoya vyeusi vilivyojikunja mkiani. Akamwita Bwana Harusi. Fundi alimwomba amwazime kwa ajili ya majike wake. Mama mdogo akasema bado.

Majike walipomaliza kutaga, kazi hospitalini ilimzidi. Alirudi hoi, akamwaga pumba, akalala. Alipopata siku ya kupumzika akatazama vizuri: kichwa cha kijani hakuna. Badala yake, nyuma ya tangi la maji, alijibanza jike wa kahawia aliyechakaa, kimya, asiyeinua hata bawa.

Akaenda kwa fundi kuuliza kama amemwona. Mezani, katikati ya vigurudumu vya saa, palikuwa na kinyoya cheusi kilichojikunja. Fundi alikuwa akikitumia kupangusa vumbi ndani ya saa.

"Umemla au umemuuza?" mama mdogo akauliza.

Fundi akacheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. Alisema kinyoya amekiokota pale penye pengo. Mama mdogo akamwambia amalizie basi, aseme na lile jike chakavu alilomsukumia uani badala ya dume limepita wapi. Hapo fundi akaacha kucheka.

"Jirani, mimi nikitaka kitu naomba. Na niliomba."

Kesho yake fundi alikuwa ameliziba pengo kwa bati.

Mama yangu alimsuta mdogo wake, eti mwanamke mzima anakosa mume kwa sababu ya bata. Akajibiwa kwamba bora kukosa mume kuliko kupata mwizi. Lakini zamu yangu ilipofika nilimkuta anapiga pasi kitambaa kilekile, anakikunja, anakikunjua, anakipiga tena. Chai alikunywa jikoni, ameligeuzia bati mgongo.

Alasiri hiyo tulikwenda uani pamoja. Akapiga hodi. Majike wakapiga kelele. Kisha yule aliyechakaa akanyoosha shingo nyuma ya tangi, na ikatoka sauti ya chini, ya mafua.

Mama mdogo alisimama tuli. Akapiga hodi tena, polepole. Akajibiwa.

Aliweka beseni chini, akamkamata, akamgeuzia shingo juani. Katikati ya manyoya ya kahawia vilichomoza vincha vya kijani, kama majani baada ya mvua.

"Maskini," akasema, "kumbe ulivua suti tu." Hatukujua kwamba dume wa aina ile hunyonyoka kila mwaka baada ya majira ya kutaga, akafanana na jike mpaka manyoya mapya yaote.

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na machozi yalipotoka yakaendelea yenyewe. Kisha akajifuta, akambana bata kwapani, akazunguka kwa njia ya barabarani. Mimi nilifuata nyuma.

Alipiga hodi mlangoni kwa fundi. Tulisikia saa tu, nyingi, kila moja na mwendo wake. Akapiga tena. Mlango ukafunguka. Fundi akamtazama bata, akamtazama yeye.

"Ni yeye," mama mdogo akasema. "Msikilize."

Tukasikiliza. Bata hakutoa hata pumzi.

"Anaona haya," fundi akasema.

"Na mimi pia."

Fundi alijikuna kidevu, midomo ikimcheza. "Basi karibuni wote wenye haya."

Bati liling'olewa kabla ya giza. Wiki iliyofuata fundi aligonga bawaba pale, na pengo likawa mlango. Mama mdogo alipita hapo akiwa mke kwa miaka mingi, na kila alipopita alipiga hodi.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amedhoofu, lakini alinisindikiza mpaka njiani. Mumewe alikuwa amesinzia kitini barazani, saa ya mteja mkononi. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniinamia sikioni.

"Bwana Harusi kavua suti tena. Na mwaka huu sijamshtaki mtu."