Nilimfukuza Mama Yangu kwa Kikohozi Kimoja

Saa moja asubuhi. Kipimajoto kwapani, dawa mezani, maji kwenye kikombe chenye picha ya tembo.

Ndivyo tulivyoanza siku kwa miezi saba, mimi na Profesa.

Profesa ni binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka saba na maswali hayamwishi. Figo aliyopandikizwa ni yangu.

"Mama mdogo, leo figo yako imeamkaje?"

"Salama. Inauliza mbona hunywi maji."

Asubuhi moja hakuuliza kitu. Nikachomoa kipimajoto.

Thelathini na tisa.

Juzi yake mama yangu alikuja kumwona mjukuu wake, akakohoa mlangoni. Mara moja tu.

Mimi ni yule ambaye ukinikanyaga, ninaomba msamaha mimi. Siku hiyo nilipata mdomo. Nikampigia simu.

"Mama, umemletea mtoto mafua! Usikanyage tena hapa."

"He! Nimekuzaa mwenyewe, leo unanipimia pumzi?"

Akacheka. Akasikia sicheki. Akakata.

Nikampa Profesa dawa ya homa siku nne. Si mafua ya bibi yake tu?

Siku ya tano alikuwa anaharisha, hawezi kusimama. Tukalazwa.

Wiki tatu wodini. Kila jioni mama alisimama nje ya dirisha, akapunga mkono. Sikumfungulia hata kioo.

Jana daktari aliniita.

"Kirusi hiki hakikuletwa na kikohozi cha mtu. Kilikuja na figo. Watu wazima wengi tunacho, kimelala tu. Kwa mtoto anayemeza dawa za kushusha kinga, kinaamka."

"Figo... yangu?"

"Tulikueleza kabla ya upasuaji. Ndiyo maana alimeza dawa ya kukizuia miezi sita. Tulipoisimamisha tukakwambia, homa yoyote, mlete siku hiyo hiyo. Ukaitikia."

Kweli niliitikia. Kwa kichwa. Niliona haya kusema sijaelewa, foleni ilikuwa ndefu nje.

"Na sasa?"

"Tumepunguza dawa zinazoilinda figo, ili mwili upambane na kirusi. Mwili umeikataa figo, haisafishi damu tena."

Jumatatu Profesa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo nyingine ya kumpa sina.

Nilirudi kitandani kwake. Akafumbua macho.

"Mama mdogo, figo yako imekasirika?"

Swali lake la kwanza baada ya wiki tatu.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Mimi nimesoma mpaka chuo, hilo likanishinda. Ukiambiwa jambo hujalielewa, sema. Aibu yake ni ya dakika moja.

Jioni nilitoka nje. Mama alikuwa pale pale chini ya dirisha. Aliponiona akarudi nyuma hatua mbili, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Usinisogelee, mwanangu. Leo nimekohoa tena."

Nikamsogelea.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Waliniambia, nikaitikia tu."