Mama Ndaya na Kaseti Mbili

Mama Ndaya alikuwa fundi wa nguo katika soko la Kamina, na mashini yake ya kushona ilikaa baraza moja na meza ya Papa Kapenda, mtengenezaji wa redio. Kapenda alikuwa mstaafu wa reli. Mwaka ule wa 1989 alipendezwa na kaseti moja ya Wamarekani, nyimbo za kantri za siku hizo. Aliipiga asubuhi na mchana, mpaka wauza mihogo wa jirani wakazoea kuinamisha vichwa kila gita lilipolia.

Hapo akaja Mwalimu Umba, kijana aliyefundisha Kiingereza sekondari, na kaseti ya rap aliyotumiwa na ndugu yake kutoka Lubumbashi. Vita vikaanza.

"Papa Kapenda, hii njo muziki ya sasa," alisema Umba. "Ile yako iko ya kulalisha batoto."

"Muziki gani? Ule muntu haiko anaimba. Iko anagombana na bibi yake, na jirani anapiga ngoma juu watu basisikie."

Kila siku baada ya masomo waliendelea pale walipoachia. Wateja walichagua pande. Mama Ndaya alikanyaga mashini yake na kunyamaza, na watu walimjua hivyo, mke wa ajudanti Bokungu wa kule Base, kambi ya jeshi, mama wa maneno machache na mishono isiyofumuka.

Hawakujua kwamba maneno alikuwa nayo mengi. Kwao Kasai mama yake alikuwa msema kasala, zile sifa za ukoo ambazo haziimbwi bali hutamkwa mbio, jina juu ya jina, kwenye matanga na harusi. Ndaya alifundishwa tangu utotoni. Halafu akaolewa na mwanajeshi wa mkoa wa Équateur, akapanda treni, akashuka Kamina. Nyumbani mwao walisema Kilingala, sokoni Kiswahili, na Kiluba cha watu wa hapa kilifanana na chake kama binamu anavyofanana na binamu. Nani angesikia kasala yake? Miaka ishirini na miwili hakufungua kinywa kuisema.

Jumamosi moja Kapenda alichoka kubishana. "Mama Ndaya, weye hauna na upande. Utukatie hii mambo."

Ndaya aliondoa mguu kwenye mashini. "Nitasikia. Lakini mwalimu atanieleza kwanza maneno yote. Kisha munyamaze, bote babili, mupaka wimbo umalizike."

Umba akaeleza. Katika wimbo wa Kapenda mwanamume anarudi kwenye shamba la baba yake na kukuta limeuzwa. Anasimama nje ya lango, hana ruhusa ya kuingia. Katika ule wa Umba kijana anajitaja jina, anataja mtaa wake, mama aliyemlea peke yake, na rafiki zake mmoja mmoja, walio hai na waliokufa.

Kapenda alizitoa betri alizokuwa ameanika juani, akazirudisha ndani ya redio. Ndaya alifumba macho. Aliusikiliza wimbo wa kantri, akausikiliza wa rap, kisha akaomba wa rap urudiwe. Vidole vyake vilitembea juu ya kitambaa kana kwamba vinatafuta kitu kilichoanguka.

"Huyu kijana," alisema mwishowe, "iko na akili. Munasikia pahali anavutia pumzi? Si mwisho wa maneno. Anaiiba katikati, mbele ya jina la mufu, juu jina litoke na nguvu. Mama yangu alinipiga miezi mitatu mupaka nijue hiyo."

Umba alimgeukia Kapenda kwa ushindi, lakini Ndaya aliinua mkono.

"Na huyu wa shamba anajua kunyamaza. Anafika ku lango, anaacha. Gita njo inalia. Pale anaponyamaza, miye niliona kiwanja cha baba yangu, na hajakitaja. Ule kijana anakujaza. Huyu anakuachia nafasi. Kukata, siwezi. Bote babili bamefundishwa na muntu."

Wanaume wale walitazamana. Kwa miaka saba Kapenda alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwa mwanamke huyu, na hakuwa amesikia kutoka kwake maneno zaidi ya bei ya uzi.

"Mama, hayo yote ulijifunza wapi?" aliuliza Umba.

Ndaya akawaambia. Umba akamsihi aseme kidogo tu, hata mstari mmoja. Alikataa. "Kasala haisemwaka bule. Inaombaka muntu wa kusifiwa."

Muntu huyo alipatikana kabla ya mwezi kwisha. Marie-Thérèse Mwanza, mkunga aliyezalisha Kamina kwa miaka thelathini, alikuwa akistaafu na kurudi kwao upande wa Kabongo. Baada ya misa ya Jumapili watu walikusanyika uwanjani mwa parokia kumuaga. Kapenda aliletewa kiti na redio yake ikawekwa mezani. Ilipiga vizuri wakati wa kula. Mkunga aliposimama apewe zawadi, betri zikaisha nguvu, sauti ikavutika kama mlevi, ikazimika.

Watu walicheka, kisha wakangoja, wasijue kinachofuata. Umba alimtazama Mama Ndaya.

Ndaya alisimama. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa na kitovu shingoni, na mikono ya mkunga huyu ndiyo iliyokifungua. Alianza kwa lugha ya kwao, akasita, kwa kuwa nyuso zilizomzunguka hazikuelewa. Akaanza upya kwa Kiswahili, jambo ambalo mama yake hakulifanya kamwe, na maneno ya kwanza yalikwaruza.

"Mwanza! Mutoto wa Kitwa! Mujukuu wa bale balilima Kabongo mbele ya reli kufika! Mikono ya kwanza! Weye ulitushika mbele ya mama zetu kutushika! Mama wa batoto ba basoda ba Base, mama wa batoto ba balimaji, haukuuliza baba yao anasema luga gani!"

Mbio zikaja. Akataja mitaa, akataja miaka, akataja watoto kwa majina yao, aliowashonea nguo miaka yote hiyo, na waliotajwa, sasa wanaume wenye ndevu, waliitikia kutoka nyuma. Alipofika kwa wale waliozaliwa bila kulia, alitaja mmoja tu, wa Mama Émerence, akanyamaza. Aliacha kimya kikae. Kinamama wengi waliinamisha vichwa, kila mmoja na wake. Ajudanti Bokungu, aliyekaa mbele na magwanda yake ya Jumapili, alimtazama mke wake kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe.

Alipomaliza, mkunga alifuta uso kwa kitenge, akamshika mabega.

"Ndaya," alisema, "ulisahau mapasa ba Mwila. Bale babili balinitesa siku mbili."

Uwanja mzima ulicheka. Ndaya akavuta pumzi, katikati kabisa, akawataja mapacha hao.