Mama aliyeachwa mahame: nilivyofuatilia historia ya ukoo wetu kabla haijapakwa rangi ukutani

Jumamosi, tarehe 13 Julai. Baridi kali. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka ndani ya cherehani. Mawingu hakuna.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile. Nina kawaida ya kuandika kila jioni, hata siku isiyo na jambo.

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni fundi cherehani hapa Sumbawanga mjini, shule niliishia darasa la saba. Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara kadhaa, nikijiuliza nani atasoma historia iliyoandikwa na mshona sare. Nimeamua kuuweka hivyo hivyo.

Nitakayosema nimeyaona, au nimeambiwa na aliyeyaona. Nikikisia, nitasema nakisia.

Kijiji chetu kipo njia ya kwenda Kate, jina nalihifadhi. Ni kijiji cha Ujamaa. Watu waliletwa pale wakati wa Operesheni Vijiji, kutoka vitongoji vilivyotawanyika milimani. Kule walikotoka tunakuita mahame, yaani makazi yaliyoachwa.

Sasa, shule ya kijiji ina ngonjera yake ya tangu miaka ile ile ya Ujamaa. Watoto wanaighani kila sikukuu ya kijiji. Kuna beti mbili tatu za kusifu mashamba ya pamoja, halafu inafika hapa:

"Tulikuja na wazazi, na wazee mikononi,
Kasiani na mtoto, mama kamwacha porini."

Kasiani ni babu yangu, baba yake baba.

Mtoto anayetajwa ni baba yangu, Sikstus. Alihamishwa akiwa mdogo wa kubebwa mabegani.

Yaani wakuu, tafsiri ya kijiji kizima ni kwamba babu alihama na mwanawe, akamtelekeza mama yake mzazi mlimani afe peke yake. Ukoo wetu ukaitwa akina Mwachamama. Nimekua nalo jina hilo. Ukichota maji kisimani utasikia, "Mpisheni Mwachamama, ana haraka, asije akatuacha na sisi."

Wanasema wakicheka, na wengine ni rafiki zetu kabisa. Lakini baba yangu hajawahi kukaa uwanjani ngonjera ikisomwa. Ikifika sikukuu, anaenda kukagua mahindi hata kama yalishavunwa.

Mwaka huu kamati ya sikukuu ikaamua historia ya kijiji ipakwe kwenye ukuta wa shule, ule unaotazama barabara. Ngonjera nzima kwa rangi ya mafuta. Na juu yake majina ya waasisi, la kwanza likiwa: "Kasiani, wa kwanza kuitikia wito wa kuhama."

Mnaona mtego huo? Ukuta mmoja unamsifu babu juu na kumtukana chini.

Baba akanipigia simu. Siku zote simu zake ni fupi, ile ilikuwa fupi zaidi.

"Vene, wewe unaandika andika. Waambie wafute ule mstari wa chini. Wa juu wauache."

"Baba, nitawaambia nini? Ushahidi sina."

"Utafute."

Basi nikautafuta. Watu wanadhani research ni mambo ya chuo. Mimi niligundua ni kama kufumua nguo ya mtu mwingine, unaangalia mshono ulikopita kabla hujakata uzi.

Nilijiwekea sheria moja: nisimlishe mtu jibu mdomoni. Nisiulize, "Si kweli babu hakumtelekeza mama yake?" Niulize, "Mama yake Kasiani alizikwa wapi?" Halafu ninyamaze.

Nilianza na mwalimu aliyetunga ngonjera. Amestaafu, alioa kijijini akabaki. Alikuja akiwa kijana kutoka mkoa mwingine, Kifipa hakukijua. Nilikwenda na hasira zangu zimekunjwa vizuri, lakini mzee yule alinikaribisha chai na akajibu bila kuzunguka.

"Binti yangu, sikutunga kichwani. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza mlikuja na nini, mliacha nini. Bibi yako Oresta alinijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza. Mama tulimwacha, tulikuja na mtoto. Niliandika nilichosikia."

Nikachoka. Bibi Oresta ni mke wa Kasiani, alifariki nikiwa darasa la nne. Kama yeye mwenyewe alisema, mimi ni nani nikatae?

Jioni ile niliandika kwenye daftari: labda ni kweli. Labda tukubali tu.

Lakini lile swali la kaburi lilikuwa bado. Baba hakulijua. Mwalimu hakulijua. Kwenye makaburi ya kijiji huyo bibi mkubwa hayupo. Nikaambiwa aliyebaki hai kati ya wanawake waliotoka kitongoji kile ni Bibi Gaudensia, jirani wa bibi yangu, na sasa anaishi kwa mwanawe Mtowisa, kule bondeni.

Nikapanda lori la mpunga linalorudi tupu. Wanaoijua ile njia ya kushuka bonde la Rukwa wananielewa. Juu nilivaa sweta mbili, chini nilikuwa natamani kuvua na ngozi.

Nilimkuta Bibi Gaudensia uani anapepeta mchele. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha.

"Mjukuu wa Oresta!" akasema. "Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda hivi, mume wetu mjini hakulishi?"

"Ananilisha bibi, ila cherehani inanyonya."

"Mwache, njoo huku kuna mpunga."

Tulicheka, nikanywa maji, ndipo nikauliza swali langu kama nilivyolipanga. Mama yake Kasiani alizikwa wapi?

"Kule kule juu, nyuma ya nyumba yake. Nilimwosha mimi na Oresta. Alikufa mvua za kwanza, Operesheni ikaja kiangazi baada ya hapo."

Nikanyamaza. Sheria yangu. Yeye akaendelea kupepeta.

"Sasa bibi, wakati wa kuhama, Oresta alimwacha mama gani?"

Akasimamisha ungo. Akanitazama kama nimeuliza maji ni nini.

"Jiwe!"

Wakuu, nilimwomba arudie.

"Jiwe la kusagia ulezi. La chini, lile kubwa, ni mama. La juu, la kushika mkononi, ni mtoto. Ninyi mmezaliwa na mashine, mtajua wapi? Mama alikuwa mzito, na Oresta aliambiwa lori lina watu. Akamlaza kifudifudi, uso chini, akabeba mtoto."

Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Yaani miaka yote wanamsema Kasiani kwa ajili ya jiwe? Hee! Sasa huyo mtoto yuko wapi?"

Mtoto nilimjua. Ni jiwe la mviringo mrefu, laini upande mmoja, lililokaa jikoni kwa baba miaka yote. Tunapondea karanga. Wakati mwingine linazuia mlango.

Hapo ningeweza kuaga nikaondoka mshindi. Lakini niliuliza swali moja zaidi, ili nitende haki tu. Kwa nini alilazwa uso chini?

"Anayehama moja kwa moja anamchukua mama, hata kwa kumburuta," akasema. "Anayemlaza kifudifudi anarudi. Unamfunika ili mvua isimharibu uso, na mwingine asimtumie. Wale walitaka kurudi, mke mwenzangu."

"Lakini babu si alikuwa wa kwanza kuitikia wito?"

"Kasiani? Wa kwanza? Alikuwa wa mwisho! Mgambo wameshatoa nyasi zote za paa, jua linampiga utosini, yeye amekaa ndani anasema anamalizia pombe yake. Tulimcheka sote. Lori liliondoka naye amekaa nyuma kabisa, kanuna."

Nikauliza na habari ya bendera, maana baba hukumbuka kabisa kwamba alibebwa mabegani na babu ameshika bendera mbele ya watu.

"Bendera alipewa kule kijijini, siku ya sherehe ya kupokewa. Alikuwa mrefu, ndiyo maana."

Nisimame kidogo hapa niwe mkweli kwa pande zote. Bibi Gaudensia hakuwasema vibaya mgambo wale. Alisema mmoja wao alimbebea mzigo mpaka kwenye lori. Na alisema kijijini walipata zahanati na bomba, watoto wakasoma. Mimi mwenyewe nisingejua kusoma bila ile shule, na msingi wake babu alichimba kwa mikono yake, hilo mwalimu analithibitisha. Tena baadaye babu alikuwa balozi wa nyumba kumi na alilinda shamba la pamoja kuliko la kwake. Na paa lake lilitolewa akiwa ndani. Yote hayo yalitokea kwa mtu mmoja.

Kwa nini basi babu na bibi hawakusahihisha ngonjera? Hapa nakisia. Nadhani kusema "ni jiwe" kungewalazimu kusema kwa nini waliliacha, na balozi hawezi kusimama kusema nilikuja huku nikipanga kurudi. Bibi alikuwa akisikia utani ule anasema tu, "Waache waseme." Ushahidi zaidi ya huo sina.

Ile Jumamosi ya upepo ndiyo niliyopanda na baba kwenda mahame. Baba alibeba mtoto kwenye kiroba, mimi jembe.

Kule juu pamebaki nyasi na matuta ya zamani yaliyolala. Baba alitembea kama mtu anayetafuta mlango gizani, akasimama mahali udongo umeinuka kidogo. "Hapa," akasema. Nyuma yake palikuwa na mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu. Hatukuhitaji kuambiana ni nini. Alivua kofia, tukasali.

Jiwe tulilipata ndani ya ule mwinuko, limezama nusu. Tukalipenyezea mpini wa jembe, tukalipindua.

Uso wake ulikuwa safi wakuu. Laini, umebonyea katikati kama tumbo la kijiko. Baba akatoa mtoto kwenye kiroba akamweka. Akakaa sawasawa, kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Baba akalia, akacheka, akalia tena. Halafu akakaa chini akasema, "Vene. Waambie kamati ilikuwa jiwe. Hayo ya paa usiyaseme."

Nilijua litakuja.

"Baba, aliyesema la jiwe ndiye aliyesema la paa. Hatuwezi kumwamini nusu."

"Yule ni baba yangu."

"Na kwangu ni babu yangu."

Akarudisha jiwe dogo kwenye kiroba. Tulishuka upepo ukitusukuma mgongoni. Nilijilaumu njia nzima. Mtu amebeba aibu isiyo yake tangu utotoni, leo ameitua, na mimi nataka kumpokonya na sifa aliyobaki nayo. Lakini sikuona namna ya kuandika nusu ukutani.

Mkutano wa kijiji ukawa Jumapili baada ya misa. Tulipoingia, mmoja akasema kwa sauti, "Haya, Mwachamama leo amekuja na wakili wake!" Watu wakacheka. Mwenyekiti akatuliza, akaniita nizungumze.

Nilisimama. Kabla sijafungua mdomo baba akanishika mkono. "Kaa."

Akasimama yeye. Sijawahi kumsikia baba akizungumza mbele za watu.

"Mama aliyeachwa ni jiwe la kusagia," akasema. "Lipo kule juu, nimeligusa jana, atakaye nimpeleke. Bibi yangu alikufa kabla ya kuhama, kaburi lake lipo. Na baba yangu hakuwa wa kwanza kuhama. Alikuwa wa mwisho, paa limetolewa yumo ndani. Jiwe walilifunika kwa sababu walitaka kurudi. Mstari wa juu mfute. Wa chini..."

Akasita. Nilidhani atasema futeni pia.

"Wa chini msifute. Mama yangu Oresta alisema kweli. Ongezeni."

Mama mmoja nyuma akasema polepole, "Hata mama yangu alimlaza kifudifudi." Mwingine akasema, "Na wa kwetu." Mzee mmoja akasema paa la kwao pia lilitolewa, na watu hawakucheka.

Mwalimu mstaafu akainuka kwa mkongojo. Akasema Kifipa hakukijua, na kosa hilo analipokea. Akaomba dakika, akahesabu mizani kwa vidole, akatoa hii:

"Mama jiwe la ulezi, lafunikwa ardhini,
Walidhani watarudi, wakabaki kijijini."

Mkutano ukaipokea kwa makofi. Yule aliyesema baba amekuja na wakili alikuwa wa kwanza kutoa gari lake la ng'ombe kwenda kuleta jiwe. Njiani alimwambia baba, "Sikstus, sasa nikuiteje?" Baba akasema, "Niite Sikstus."

Somo nililopata ni dogo, wakuu. Ukitafuta historia ya ukoo wako, jiandae kupewa vyote viwili, kinachokusafisha na kinachokupunguza, maana vinatoka mdomo mmoja. Na kabla hujabandika neno la bibi ukutani, muulize kwa lugha yake lina maana gani.

Wenye wazee walioonja Operesheni, popote mlipo, hebu tuambieni hapa: kwenu kiliachwa nini, na kililazwaje? Nitasoma yote, hata ya kunipinga.

Ukuta umeshapakwa. Shule inalitaka jiwe liwekwe chini yake, na baba amekubali, ila alisema kwanza lifanye kazi. Jioni ile lilipofika mama yangu alilimwagia maji, akapiga magoti, akasaga ulezi mpaka mabega yakamkataa, nikampokea. Tukala ugali wa ulezi na samaki, migebuka ya Kasanga. Ulikuwa na mchanga kidogo. Baba aliomba aongezewe.