Siku Médiatrice alipoliona tumbo lake

Asubuhi, katika nyumba ya kutunzia wazee huko ughaibuni, Agincourt, Médiatrice anamvalisha soksi Bibi Jenabai, mwenyeji wa zamani wa Mwanza, na bibi amegoma kutoa mguu wa pili.

"Kwanza nihadithie tena lile tumbo."

"Bibi, jana si nilikuhadithia?"

"Hadithia, mwanangu."

Médiatrice anacheka, anaanza upya. Na nani asingetaka kusikia? Si kila siku mtu hukutana uso kwa uso na tumbo lake mwenyewe.

Kwa miaka mingi chembe ya moyo ilimwaka moto, hasa akiinua wazee kuwaogesha. Alijaribu tangawizi, maji ya kabichi, hadi mshubiri uliomkunja uso. Bibi Jenabai naye akamwongezea maziwa ya manjano, yaliyochemshwa na unga wa binzari. Maumivu aliyazoea, kilichomtisha ni kwamba mama yake alikufa kwao Uvira kwa tumbo la namna hiyohiyo, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani.

Daktari alitaka kumpitishia kamera kooni, akamwagiza afunge.

"Kufunga mimi ninajua, kanisani tunafunga kila mara," anasema. "Lakini kwetu mgonjwa akifunga haachi dawa."

Basi asubuhi ya kipimo akagida kikombe kizima cha maziwa ya manjano, akaenda hospitali na amani tele. Muuguzi alipomuuliza kama amekula au kunywa chochote, akajibu bila wasiwasi. Akarudishwa nyumbani. Masikini, alilia ndani ya basi njia nzima.

Mara ya pili hakugusa hata maji. Alikataa sindano ya usingizi, akapuliziwa ganzi kooni na kukodolea macho skrini.

"Mungu wangu, lilikuwa zuri!" anasema, sauti ikishuka. "Jekundu, linang'aa, linapumua kama mtoto aliyelala. Miaka yote ninalitukana, kumbe lenyewe linanifanyia kazi tu."

Pembeni palikuwa na kidonda. Daktari alinyofoa kipande kikapimwe, na majibu yakaja: si saratani, ni bakteria wanaotibika kwa vidonge. Médiatrice aliketi sakafuni.

"Na maziwa yangu je?" Bibi anauliza, ameudhika kidogo.

"Ninayanywa, Bibi. Daktari ameruhusu, ila vidonge kwanza."

Sasa kila akitoka kazini humpigia simu mdogo wake Carmel, aliyebaki Uvira, ambaye naye ameanza kushika chembe ya moyo na kuchemsha mizizi. Médiatrice anapanga amvushe mpaka wa nchi hadi Bujumbura, akapimwe kwa kamera.

"Mama tulimzika hatujui kilichomuua," anasema. "Carmel lazima aangaliwe mle ndani, akiwa hai."